Alama za Lango la Dani Dorca

Kila alasiri baada ya masomo, kabla ya kwenda nyumbani, Adongo alipitia kwenye kitalu cha mpunga cha nyanya yake, Dani Dorca, huko Ahero. Miche ilikuwa imeanza kupendeza. Hiyo ndiyo ingepandwa shambani, na bila hiyo Dani hangekuwa na mavuno msimu huo.

Zamu ya maji ya Dani iliangukia Jumapili, katikati ya ibada, na alikuwa amechoka kutoka kanisani mbio kwenda kufungua lango la mfereji. Chama cha kompyuta cha shule kikajitolea kuweka mashine ya kulifungua. Adongo, aliyekuwa hodari chamani na aliyejijua hivyo, aliandika mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia mashine. Zachariah aliandika programu ndogo ya kuuomba mfumo huo ufungue lango. Kila ombi liliambatana na alama ya kueleza lifanywe vipi. Adongo alizipa alama zake majina A1, A2 na A3. Aliona majina mafupi ndiyo ya wataalamu.

Jumapili ilipofika, lango lilifunguka vizuri, lakini halikujifunga. Watu walipotoka kanisani, kitalu kilikuwa bwawa. Ukingo mmoja ulikuwa umebomoka na miche ya upande huo imesombwa. Dani aliinama akaanza kuokota miche iliyosombwa, mmoja mmoja. Adongo aliona afadhali angegombezwa.

"Ni Zachariah!" alifoka. "Ametumia A2! A2 inaacha lango wazi hata programu ikiisha!"

"Sasa mimi ningejuaje?" Zachariah alijibu, machozi yakimlengalenga. "Niliiona kwenye programu ya mfano uliyoandika, nikaiga."

"Si ungeuliza?"

"Nyinyi wawili, shikeni majembe," alisema Madam Wendy, mwalimu wao, ambaye tayari alikuwa matopeni akilifunga lango kwa mikono. "Maji kwanza. Lawama baadaye."

Walichimba njia ya maji mpaka kitalu kikaonekana tena. Miche mingi ilikuwa imelala kwenye tope, ila mizizi ilikuwa imeshika. Madam Wendy alinawa mikono, kisha akamgeukia Adongo.

"A3 inafanya nini?"

"Inafunga lango programu ikiisha," Adongo alijibu haraka. Kisha akasita. "Hapana, inasubiri mfereji ujae. Ama hiyo ni A1?"

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimwaibisha zaidi. Mfumo alikuwa ameuandika mwenyewe, na sasa ulimshinda kuusoma.

"Zachariah, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Dani, kosa ni langu."

"Nimesikia, nyakwara," Dani alimjibu mjukuu wake. "Seline jirani yangu ana miche ya ziada, nitamwomba. Lakini hiyo mashine isiguse maji yangu tena kama hamjaitengeneza."

Wiki hiyo Adongo alibadilisha majina yote: FUNGA_UKIMALIZA, ACHA_WAZI, SUBIRI_MFEREJI_UJAE. Akaongeza jambo moja: ombi likija bila alama yoyote, lango lijifunge lenyewe.

Jumapili iliyofuata Dani hakwenda kanisani. Alisimama langoni na nguo zake za ibada, jembe mkononi, akimwambia Zachariah amsomee alichoandika.

"Fungua lango la kitalu. Funga ukimaliza."

"Hiyo hata mimi naielewa," Dani alisema.

Maji yaliingia, yakalowesha miche, kisha lango likashuka na kujifunga. Zachariah alipiga kelele za furaha. Adongo alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia muda wote.

"Mkumbuke siku hii," Madam Wendy aliwaambia. "Anayetumia kazi yako hawezi kuona mawazo yako. Anaona jina ulilomwachia tu. Kama jina halimwelezi kitu, akikosea, hilo kosa umelianza wewe. Andikeni kwa kumfikiria mwenzenu."

Dani alilaza jembe chini na kujipangusa vumbi.

"Basi Jumapili ijayo," alisema, "nitakaa kanisani mpaka baraka ya mwisho."