Pete Mbili za Mwavita

Wewe mwenye pete kidoleni, ijaribu kidogo. Inatoka? Vizuri. Basi soma bila wasiwasi. Ya Mwavita ilikuwa haitoki.

Kalume alikuwa mhunzi wa Kindu, kijana mwenye pumzi nyingi ya maneno kuliko mivukuto yake. Chuo cha Kurani alitoroka kabla ya kufika herufi ya tano, akadai zilizobaki atazifua mwenyewe. Lakini shaba ilimtii, hilo hata waliomchukia walikubali. Jumatatu moja, jua limeshaingia msituni, alikuwa akifukia makaa kwa majivu, kanzu nyeupe ikasimama mlangoni.

"Fundi, umefunga?"

"Nimefunga. Lakini kanzu safi namna hii inanifungua. Ingia, usiguse kitu. Kila kitu humu iko na masizi."

Mgeni akacheka. Akajitaja: Mbaraka, mkuu wa wenye bunduki katika misafara ya pembe.

Jina hilo lilimwingia Kalume kama msumari wa moto, ila uso wake haukusogea. Hawakuwahi kuonana. Miaka miwili nyuma, Mbaraka alipoposa msichana wa Kailo, Kalume alikuwa mbali, Nyangwe, akitengeneza bunduki za watu. Msichana aliitwa Mwavita. Ndugu yake Kalume, tumbo moja. Alifuata msafara wa mchumba wake, habari zake zikakoma.

"Naoa Ijumaa," Mbaraka akasema. "Mwanvua, binti wa tajiri wa pale gatini. Pete ya uchumba anayo, nimeiazima kwake. Nataka pete ya ndoa ya kukaa nayo kidole kimoja. Zilaliane, usipite hata unywele."

Akafungua kitambaa.

Ilikuwa pete ya shaba iliyosokotwa kama kamba. Ndani, alama tatu za tindo. Kalume alizipiga mwenyewe alama zile. Shaba ya mchumba ilimfikia Nyangwe kwa mkono wa mjomba, akaifua, akaituma Kailo. Na ilibana. Mwavita alimrudishia salamu za kumcheka: kaka, fundi gani weye, imeingia kwa mafuta ya mawese na machozi, na sasa haitoki hata kwa dua. Naye akajibu: vizuri, hautaipoteza.

"Nani aliivaa mbele ya huyu Mwanvua?"

"Mchumba wa zamani. Ndui ilimchukua njiani. Nilimzika kwa mikono yangu hii." Akaionyesha. Mikono misafi, inanukia udi.

Kalume aliigeuza pete kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuna kiungo. Hakuna palipopanuliwa.

Pete haikukatwa.

Basi kilikatwa kingine.

"Pole sana," akasema.

Sasa, wahunzi wana sharti. Pete ya maiti hailetwi karibu na moto kabla ya kulazwa katika maji ya mgomba hadi ipoe. Isipopozwa, mwenyewe anaifuata. Chungu cha maji hayo kilikuwa pale, karibu na mguu wa Kalume. Alikisukuma kwa kisigino. Kikalala ubavu, maji yakanywewa na udongo.

"Kesho magharibi zitakuwa tayari. Lakini sikia, bwana. Pete mbili ni kama wake wenza, lazima zizoezwe. Utazivaa weye kwanza, kidole kidogo, mpaka Ijumaa. Kisha njo umpe bibi arusi."

"Desturi ya wapi hiyo?"

"Ya mafundi. Kama unaogopa, tumupe Mwanvua avumilie mahali pako."

Mbaraka alikuwa mtu wa kutembea na bunduki mbili ili watu waulize ya pili ni ya nini. Hakuna aliyewahi kumwambia anaogopa. "Nitazivaa," akasema, akaondoka.

Desturi hiyo haikuwepo. Kalume aliitunga pale pale.

Akafukua makaa. Akaweka shaba mpya motoni, na pete ya zamani kando yake. Msaidizi wa mivukuto alikuwa ameshakwenda kwake. Kalume akainama, akasema jina moja tu ndani ya moto.

"Mwavita."



Kisha... puu.

Puu... puu...

Mivukuto ilikuwa inavutwa. Moto ukawa mweupe. Harufu ya mawese ikajaa, na chini yake harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa baada ya mvua. Kalume hakugeuka.

"Kaka."

"Nasikia."

"Pima."

Mkono ukapita begani mwake, ukafika kwenye mwanga. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati.

Pengo.

Kidole kidogo.

Pengo lilikuwa bado bichi.

 Kalume alishika ugwe wake wa ukindu anaopimia vidole vya wateja. Ukaning'inia hewani, hauna pa kuzungushwa.

"Dada... hakuna pa kupima."

"Fua tu," ile sauti ikanong'ona. "Kidole kitaletwa."

Alifua.

Jumanne Mbaraka alizichukua. Zilimwingia kidoleni kwa mawese. Alizigeuza kwenye mwanga wa mwisho, akasifu: kweli, hata unywele haupiti. Kalume akamwambia hajaona bado.

Alhamisi, muda ule ule, alirudi mbio. Hana kilemba, hana bunduki hata moja. Mkono ameufunga kitambaa, na kitambaa kinanuka. Alipokifungua, kidole kilikuwa cheusi, kimevimba kama ndizi iliyochomwa na ganda lake. Pete zimezama nyamani.

"Zikate, fundi. Kesho ni arusi. Zinakaza. Nikilala zinakaza, nikiswali zinakaza."

Kalume akachukua tindo na nyundo. Polepole, maana alikuwa anaionja saa ile.

"Nitakata. Lakini niambie kwanza. Kwa yule wa zamani, ilitokaje?"

"Nilikwambia, ndui..."

Puu.

Mbaraka aliitazama mivukuto. Hakukuwa na mtu. Ilipanda yenyewe, ikashuka. Puu. Akakaa chini na kanzu yake nyeupe kwenye masizi.

"Alishikwa na ndui," akasema. "Msafara haukuweza kungoja. Pete ilikuwa haitoki."

"Alikuwa amekufa?"

Mbaraka akafunga macho.

"Alikuwa ananitazama. Aliniambia, Mbaraka, ngoja kidogo tu, nitakufa."

Makaa yakapasuka. Kalume alivuta ule mkono, akaulaza juu ya fuawe.

"Na weye ulichagua nini siku ile? Pete ao kidole?"

"Fundi, nakuomba."

"Mimi pia nimechagua pete."

Nyundo ilishuka mara moja.

Mbaraka alitoka akipiga ukelele uliofika gatini. Kalume akainama majivuni kuokota kidole na pete zake. Havikuwepo. Palikuwa na alama ya kiganja kilichopapasa, kikapata.

Usiku ule Kalume alilala fofofo. Alijiona mwanaume kamili.

Arusi ya Ijumaa haikuwa. Baba wa Mwanvua alirudisha vitu vyote, Mbaraka hakutokeza hata kuvipokea. Alijifungia. Lakini majirani wakaanza kusema ameoa. Alfajiri wanasikia kinu kinatwangwa uani. Jioni wananusa mawese yakiungua. Mke mwenyewe hajaonekana mtoni wala sokoni, na kuku wa jirani hawapiti tena ule ua.

Ilipofika wiki ya tatu Kalume hakuvumilia. Alivaa vizuri akaenda kumcheka.

Jua lilikuwa linazama. Mbaraka alikaa barazani, kanzu mpya, amekonda hadi meno yanaonekana makubwa. Alitabasamu kwa mdomo tu.

"Karibu, shemeji."

Kalume alisimama. Hakuwahi kumwambia yeye ni kaka wa nani.

"Nani amekuambia mimi ni shemeji yako?"

"Mwenye nyumba. Iko ndani. Amekupikia."

Kumbe hata kusema kwake kulikuwa kumegeuka, kumekuwa kwa Kailo.

"Pita, kaka," sauti ikasema kutoka gizani. "Tangu niolewe haujanitembelea."

Angeweza kukimbia. Miguu ilikuwa yake, njia ilikuwa wazi. Lakini mtu hawezi kumwita ndugu yake kwa jina ndani ya moto, halafu akakataa chakula chake. Aliingia. Mkekani palikuwa na sinia la wali, samaki juu, mvuke unapanda. Mbaraka akakaa kulia kwake, mkono wenye kitambaa mapajani. Kalume akanawa. Akatia mkono siniani, na kutoka upande wa pili, penye giza, mkono mwingine ukaja kukutana na wake.

Vidole vyembamba vya msichana. Na katikati yao kimoja kifupi, kinene, chenye nywele za kiume. Pete mbili juu yake, zimelaliana.

Kile kidole kilijikunja pamoja na vingine. Kikafinyanga tonge. Kikalileta hadi mdomoni mwa Kalume.

"Kula. Mkono umekaa vizuri, kaka, fundi weye. Kesho uje na tindo." Sauti ikashuka, ikawa ya mtoto anayeomba. "Ile njia ya Kailo ni ndefu. Bado miguu."

 Mbaraka aliivuta miguu yake, polepole, akaifunika kwa kanzu.

Kalume akameza. Wali ulikuwa mtamu.

Akanyoosha mkono, akachota tena.