Kata Kichwani pa Askari

Haya yalimpata rafiki yangu Christina, mpishi wa chuo, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa Kigoma. Uani pa chuo palikuwa na sanamu ya askari wa vita vya Mjerumani. Wazee wa kijiji jirani cha Simbo walitaka ing'olewe: baba zao walikufa wakiwabebea askari mizigo, na hakuna aliyewachonga wao. Basi ikawa kila asubuhi sanamu inakutwa na kata ya kubebea mzigo kichwani, imesokotwa kwa majani ya mgomba.

Mkuu wa chuo akamshuku Marcelina, mkimbizi mwosha vyombo, akamwambia Christina: "Nikiiona kata tena, anarudi kambini."

"Dada Christina, kwa ufupi huu ningemfikia kwa ngazi ya nani?" Marcelina akauliza.

Christina hakucheka. Naye alikuwa akimkagua vidole, akitafuta utomvu wa mgomba.

Sanamu ikashushwa kutoka kwenye msingi wake, ikafungiwa stoo. Christina akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akalala na Marcelina kitanda kimoja.

Asubuhi akafungua. Stoo haina dirisha, giza tupu. Akasikia mtu akishusha pumzi, kama aliyetuliwa mzigo mzito. Akapapasa mpaka kichwani pa sanamu. Kata ilikuwepo, imebonyea katikati, ina joto, imelowa jasho.