Mahali pa Kidole Gumba

Soko la vyuma chakavu si mahali pa kwenda na gauni jipya, lakini binti mmoja, fundi cherehani, alikwenda nalo. Lilikuwa la kijani, la mikono mifupi, lenye mifuko mikubwa ubavuni, alilolishona mwenyewe, na mtu akishona gauni kama lile halisubirishi sherehe. Alipita kati ya mafungu ya spana, pampu zilizokufa na feni zisizo na panga, pindo kaliinua kwa vidole viwili, mpaka mezani kwa mwanamke ambaye soko zima linamwita Mama Skurubu. Chini ya rundo la minyororo ya baiskeli akakiona alichokitafuta wiki nzima: gurudumu la cherehani ya mkono, zito, jeusi, lisilo na ufa.

Akalishika. Upande wa pili likashikwa pia.

"Samahani, dada. Nimeliona mimi kwanza."

"Wewe umeliona, kaka. Mimi nimelishika."

Aliyeshika upande wa pili alikuwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu, kipande cha penseli nyuma ya sikio. Kazi yake ya mchana ilikuwa kutengeneza lifti kwenye majengo marefu ya mjini. Kazi yake ya jioni ndiyo iliyompa jina pale sokoni.

"Injinia wa Uani leo umepatikana!" Mama Skurubu akacheka. "Huyu dada hakuachii ng'o."

"Una cherehani wewe?" binti akamuuliza.

"Sina."

"Sasa gurudumu la cherehani la nini?"

"La injini. Injini ya mvuke, ndogo, inakaa juu ya sinia. Naiunda mwenyewe."

"Inafanya kazi gani?"

"Inazunguka."

"Halafu?"

"Halafu basi. Inazunguka."

Alisema bila aibu hata chembe, kama mtu anayetaja jina la mwanawe. Binti akacheka, na alipocheka kijana akaliachia gurudumu. Mimi nasema mambo yalianzia hapo, ingawa wenyewe wanabishana mpaka leo.

Kwenye kikapu binti alikuwa na gurudumu jingine, lenye ufa, alilokuja nalo kulinganisha. Kijana akachomoa mfukoni kipimo alichokiunda kwa jani la msumeno, akapima tundu la hili na la lile, akatikisa kichwa.

"Hili jipya tundu lake ni kubwa. Ukilifunga litachezacheza. Linataka bushi, pete ya shaba ya kujaza hiyo nafasi."

"Bushi inauzwa wapi?"

"Haiuzwi. Inakerezwa."

"Na nani?"

"Loo! Na nani, anauliza!" Mama Skurubu akapiga makofi. "Mpe namba ya simu, mwanangu, mnanizibia wateja."

Wakapeana namba. Kisha kijana akaomba, kwa adabu, lile la kikapuni. "Hilo lenye ufa naweza kulilehemu. Litafaa kwa injini yangu."

Binti akakivuta kikapu kifuani. "Hili halitoki. Cherehani ni ya mama yangu. Iliniponyoka siku nahamia kwenye duka langu la ushonaji, gurudumu likapasuka. Mama mwenyewe hayupo tena. Kitu alichokishika yeye sikitoi kwa mtu."

"Pole sana," kijana akasema, na hakuomba tena.

*

Bushi ni kazi ya jioni moja. Hii ikachukua muda wake.

"Halo, fundi. Bushi yangu imefika wapi?"

"Inaendelea vizuri."

"Jana uliniambia hivyo hivyo."

"Na jana ilikuwa inaendelea vizuri."

"Kaka, wewe huna bushi, una maneno."

"Basi njoo uione kwa macho yako."

Akaenda. Karakana ilikuwa chumba cha uani, zamani jiko la nyumba ya wazazi ambamo kijana aliishi na dada yake mkubwa, muuguzi. Mashine ya kukereza ilikuwa na mota ya mashine ya kufulia, imefungwa juu ya chuma cha kitanda. Jiliwa la kubania vyuma lilitokana na jeki ya gari. Tupa zilipangwa kwa ukubwa kwenye makopo ya maziwa, na kila mpini ulikuwa mviringo, laini, umenyooka. Dada mtu akaingia na chai.

"Karibu, wifi."

"Dada!" Kijana aliwiva masikio.

"Nimesema nini? Nimemkaribisha mgeni. Kunywa, mama, ila koroga uangalie kwanza. Nyumba hii vumbi la chuma linaingia mpaka kwenye sukari."

Kijana akawasha moto wa spiriti chini ya boila ndogo. Maji yakachemka, mvuke ukafoka, pistoni ikasukuma mara moja na kusimama.

"Imekufa?"

"Imekwama. Pistoni ikifika mwisho haina wa kuirudisha. Gurudumu ndilo linaloivusha hapo, kwa uzito wake."

"Na gurudumu lake nimelichukua mimi."

"Umelichukua."

"Wala hukunung'unika."

"Nilinung'unika. Muulize dada."

Binti akacheka tena, akauona mkono wa shati lake hauna kifungo, akatoa sindano mfukoni na kumshonea palepale, amemshika mkono asitikisike. Hakutikisika. Baada ya siku hiyo bushi ilikwisha upesi, maana haikuwa na kazi tena ya kuwakutanisha.

Wakapendana, jamani. Kijana alikuwa akipiga simu akiwa juu ya lifti, ghorofa ya mwisho, sauti inakatikakatika.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Juu."

"Shuka uje, basi. Nimekushonea ovaroli mpya."

"Ina mifuko mingapi?"

"Mingi kuliko akili zako."

Siku ya kufunga gurudumu, binti alimpelekea cherehani nzima kwa teksi, kaiviringisha shuka. Aliiweka juu ya meza taratibu, akaipapasa.

"Sijawahi kuiacha ilale kwa mtu. Nakuachia wewe. Nataka irudi kama mpya, mpenzi wangu."

Hapo ndipo pa kumwonea huruma kijana. Kwenye lifti, kitu kilicholika ni hatari. Ukikiona unakitoa, hukiachi kikae hata saa moja, maana kuna watu chini. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo macho yake yalivyozoea. Alipomaliza kulifunga gurudumu akakiona kishikio, kile cha mti cha kuzungushia. Kilikuwa kimelika upande mmoja, kishimo kirefu kama cha kijiko. Akakichomoa, akakifunga kwenye mashine yake, akakikereza mpaka kikawa mviringo sawasawa. Akakipiga msasa, akakipaka vanishi mara tatu. Alikuwa akiimba.

*

Aliipeleka cherehani dukani kwa binti mwenyewe, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Binti akaifunua cherehani, akalizungusha gurudumu jipya kwa kidole. Halikutoa sauti hata kidogo. Akamtazama kijana kwa macho ya kumla. Kisha akashika kishikio, na kidole gumba kikateleza.

Akashika tena. Kikateleza tena.

"Kishimo kiko wapi?"

"Kilikuwa kimelika upande. Nimekinyoosha. Sasa ukikipima kila upande ni..."

"Kilikuwa cha kidole cha mama."

Binti akakigeuza kishikio, akikitafuta kile kishimo.

"Miaka yote aliyoshona, kidole chake kilikaa hapa. Kila asubuhi, kabla sijagusa kitambaa, nilikuwa naweka changu ndani yake. Kilikuwa kinaenea kabisa. Ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumshika mkono. Sina nyingine."

"Sikujua. Nitakutengenezea kingine, kama kile kile, nipe tu..."

"Na mama utamtengeneza?"

Lilikuwa neno kali, na lilimwuma hata aliyelisema. Lakini alikuwa amekwishageukia ukutani. "Nenda, tafadhali. Nenda tu."

Akaenda. Na wala hakupiga simu.

Binti, kwa siku za kwanza, aliomba asipige. Baadaye simu ikilia alikuwa anairukia, kumbe mteja anauliza sketi yake. Akapandwa na hasira mpya juu ya ile ya zamani. Kumbe hivyo! Kaharibu, kisha kapotea. Kishikio kile, kisicho na kitu tena, alikifungua kwenye cherehani akawa anatembea nacho mfukoni. Kazi zake alizishonea kwenye mashine ya umeme, na ya mama akaifunika shuka.

Kijana naye hakuwa amepotea. Alikuwa karakana, anachonga. Alichukua mti wa rangi ile ile, akakumbuka kishimo kadiri alivyoweza, akachonga, akajaribu, akatupa. Kimoja kilikuwa kirefu mno. Kingine kilikuwa chembamba. Kingine kilifanana kabisa na kishimo kilichochongwa na fundi wa lifti. Dada yake akasimama mlangoni.

"Umempigia?"

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

"Kishimo."

"Kaka, tangu utotoni hujawahi kuniomba radhi kwa mdomo. Ulivunja kioo changu, ukanitengenezea fremu. Uliukojolea mkeka wangu, ukaniundia kiti."

"Kiti kilikuwa kizuri."

"Kizuri sana. Lakini yule hataki kiti. Anataka akusikie."

"Nitamwambia nini na sina kitu mkononi?"

"Mwambie hivyo hivyo." Akamwekea simu juu ya jiliwa, akatoka.

Kijana aliiangalia ile simu kana kwamba ina meno. Akapiga.

"Halo," binti akaitika, sauti baridi.

"Sina kitu mkononi."

"Nini?"

"Nimejaribu kukitengeneza, nimeshindwa. Hakitengenezeki. Ndiyo maana napiga mikono mitupu. Nimekukosea. Niliona kimelika, sikukuuliza kimelika kwa mkono wa nani. Nilipaswa kuuliza. Nimekuondolea mkono wa mama yako na siwezi kuurudisha. Nisamehe."

Upande wa pili alisikika mtu anayelia bila kutaka asikike.

"Mbona umechelewa hivyo kusema?"

"Nilikuwa nachonga."

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako."

"Hilo sijalisema." Akavuta pumzi. "Na mimi nilikwambia irudi kama mpya. Sikukwambia habari za kishimo. Nilidhani kila mtu anakiona nilivyokuwa nakiona mimi."

*

Jumamosi binti akaja, kavaa gauni lile lile la kijani. Kwenye meza ya karakana vishikio vilivyoshindikana vilikuwa vimelala kwenye mstari. Akavichukua kimoja kimoja, akaweka kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Huyu si mama." Kingine. "Huyu naye si mama. Huyu sijui ni mama wa nani." Na katikati ya kicheko akaangua kilio, na kijana akamshika, ovaroli yake mpya ikalowa kifuani.

Alipotulia akainama kwenye kikapu. Akatoa gurudumu lenye ufa.

"Lilehemu. Liweke kwenye injini yako."

"Ulisema halitoki."

"Halitoki. Linahamia kwa mtu wangu. Lakini ufa usiufiche. Usilipige rangi, usilinyooshe. Nataka nikilitazama nijue lilianguka."

Kijana akalilehemu kwa shaba mbele ya macho yake, mwanzo mpaka mwisho, akiuliza kila hatua, "Hapa nifute? Hapa niache?" mpaka binti akamwambia aache maswali, sasa amezidi. Ufa ukabaki mstari wa njano juu ya chuma cheusi. Wakalifunga. Maji yakachemka, pistoni ikasukuma, ikafika mwisho pale inapokwama siku zote, na gurudumu likaivusha. Ikasukuma tena. Ikaanza kuzunguka, haraka, mstari wa njano ukawa duara, na binti akajikuta anapiga makofi kama mtoto.

"Inazunguka!"

"Inazunguka."

"Halafu?"

Safari hii kijana alikuwa na jibu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa ovaroli, ule ambao binti mwenyewe aliushona, akatoa kishikio kimoja zaidi. Kilikuwa mti mtupu, mviringo.

"Hiki hakina kishimo," akasema.

"Nakiona."

"Wala sijakipaka vanishi, ili kiwahi kulika. Kile cha mama kitunze. Hiki kitalika kwa kidole chako."

"Itachukua miaka mingi sana."

"Najua. Ndiyo maana naomba mapema. Nataka niwepo kikilika. Niwe nakiona kila siku, na nisikiguse."

Binti alimtazama. "Hii ni posa, au ni dhamana ya matengenezo?"

"Posa."

"Jibu basi, wifi!" dada akapaza sauti kutoka dirishani. "Chai inapoa!"

Binti akakipokea. Akaingiza mkono mwingine mfukoni mwa gauni, akakigusa kile cha mama, akakiacha kilale humo. Kisha akaweka kidole gumba juu ya mti mpya, mahali ambapo hapakuwa na kitu bado. Kikateleza kidogo. Akakikaza mpaka kikatulia.

"Chukua bisibisi," akasema. "Twende dukani ukanifungie."