Matanga ya Profesa Kerlosket

Simu iliita mara moja ikakatika. Ikaita tena.

Shelina Merali aliiacha chai yake mezani, kwenye mkahawa mmoja wa Agincourt, Toronto, akatoka nje kwenye theluji ndipo akapokea.

"Sindano," alisema, jina lake la kazi.

"Mgeni wetu amelala." Ilikuwa sauti ya Noordin, mkuu wake katika kazi ya upelelezi.

"Amelala vipi, Noordinbhai?"

"Moja kwa moja. Matanga yako mtaa wa Dixon, nyumbani kwa yule mama anayemuuguza. Jeneza linaruka leo jioni kwenda Ufaransa. Kaangalie."

"Na ushahidi wa kesho?"

"Umekufa naye."

Shelina alitukana kwa Kigujarati, tusi ambalo mama yake angemwoshea mdomo kwa sabuni. Kisha akampungia mkono Gaël, dereva wake Mrundi. Toyota RAV4 ya kijivu ikasogea.

Profesa Gwenolé Kerlosket hakuwa mtu wa kufa hivi hivi.

Wasomi walimwona mkombozi. Kibretoni, lugha ya wakulima wa magharibi mwa Ufaransa, lugha ambayo watoto walichapwa shuleni kwa kuisema, yeye aliipa kamusi, riwaya na heshima. Wengine walimwona mbwa. Mwaka 1944, akiwa na miaka kumi na minane, aliwatajia Wajerumani vijana kumi na mmoja wa kijiji chake waliokuwa wakipigana kutoka msituni. Walichukuliwa, wasionekane tena, wala makaburi yao hayakujulikana.

Vita vilipokwisha alikimbilia Kongo. Akafundisha Bukavu mpaka akaota mvi, halafu akaja kumalizia uzee Toronto. Uzee nao haukumwonea haya. Ulimnyang'anya Kiingereza, ukamnyang'anya Kifaransa, ukamwachia Kibretoni na Kiswahili cha Bukavu. Ndiyo maana kazi hii alipewa Shelina, Mwismailia aliyezaliwa Bukavu, nyuma ya duka la vitenge la baba yake.

Hakimu alikuwa amemzuia mzee kutoka Kanada mpaka aseme vijana wale wamelala wapi. Mzee alisema anapajua. Kesho ndiyo angesema.

Kule kijijini kwao kulikuwa na Bibi Soazig, dada wa mmoja wa vijana wale. Alikuwa mgonjwa, na madaktari wake walikuwa hawazungumzii tena mwaka ujao. "Nataka mifupa ya kaka yangu," alimwambia Shelina kila walipoongea. "Nikiipata nitakwenda bila kelele."

Na kulikuwa na Chama cha Ngome, Wabretoni wa siasa kali. Hawa walimtaka profesa jukwaani kwao Ufaransa Jumamosi, atimize miaka mia mbele ya bendera zao, apigiwe makofi kama shujaa. Ushahidi ungewaharibia sherehe. Mtu wao hapa mjini alikuwa Yann Troadeg, askari wa miavuli wa zamani. Mwezi uliopita alijaribu kumtorosha mzee kwa pasipoti ya bandia, akashindwa.

"Kama walimtaka akiwa hai, kifo hiki ni hasara kwao pia," Gaël alisema akikata kona.

"Ndicho kinachonikera."

Mlangoni, ghorofa ya tisa, palikuwa na rundo la viatu vyenye theluji. Ndani akina mama wa kanisa waliimba taratibu. Picha ya mzee ilikuwa juu ya meza, na mshumaa pembeni. Shelina alivua buti, akatoa pole, akakaa.

Nicole, yule mama aliyemuuguza profesa kwa miaka mingi na kumfanya baba, alitoka jikoni amevaa aproni. Mikononi alikuwa na sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Akaanza kupakulia watu.

Shelina aliikodolea macho ile sufuria.

Mfiwa anapika?

Alikuwa amekaa kwenye misiba ya Wakongo kuanzia Bukavu hadi mtaa wa Jane na Finch hapa Toronto. Mfiwa hukaa chini. Majirani huteka jiko lake, hupika, hulala pale pale naye. Hata fukara asiye na ndugu, siku ya msiba mwiko si wake.

"Ametukataza," mama mmoja alimnong'oneza kwa uchungu. "Tulikuja na masufuria yetu, akasema turudishe. Ati tusilie sana. Sisi tumemukosea nini?"

Shelina alisimama, akamfuata Nicole jikoni, akafunga mlango.

"Mama Nicole. Mzee yuko hai?"

Mwiko ulimdondoka Nicole.

"Madame, usiniulize."

"Nimeshauliza."

"Batu ba Troadeg beko na photo ya bwana yangu. Évariste, kule Paris. Banamufwata kila siku akitoka kazi." Machozi yalimshinda. "Baliniambia nifanye matanga, batu baone. Nikasema sawa. Lakini siwezi ita bamama bamulilie mutu mwenye angali muzima! Kulilia muzima ni kumuitia kifo. Nikapika mwenyewe. Nilizani Mungu ataona kama hii si matanga."

"Mungu ameona. Gari limeondoka lini?"

"Sasa hivi. Balimupiga sindano, bakamuweka ndani. Ile gari nyeusi."

Shelina alikuwa ameshafika kwenye viatu.

"Noordinbhai," alisema akishuka ngazi mbili mbili, "mtu wetu yuko hai, yumo ndani ya jeneza. Kuna Mkongo anaitwa Évariste, yuko Paris, anafuatiliwa. Wafaransa wamchukue sasa hivi."

"Nimeelewa. Wewe?"

"Nakwenda mazishini."

Barabara ya 401 ilikuwa imeganda. Malori yalisimama kama ng'ombe mnadani. Gaël hakuuliza. Alipanda ukingo wa barabara, akashukia njia ya maghala, RAV4 ikayumba, ikakaa sawa.

"Ile pale, dada!"

Cadillac nyeusi, ndefu, yenye mapazia. Ilikuwa ikiingia upande wa mizigo wa uwanja wa ndege wa Pearson.

"Ipite. Zuia lango."

Gaël aliipita, akapiga breki, akalaza RAV4 katikati ya njia. Cadillac ilisimama shubiri moja kutoka ubavuni mwao.

Troadeg alishuka akiwa na suti nyeusi, tai nyeusi, na huzuni ya kununua.

"Bibi," alisema kwa Kifaransa, "waheshimu wafu."

Shelina alivaa miwani yake ya kusoma joto. Mapazia yakapotea. Ndani ya mbao palikuwa na umbo la mtu, jekundu kama kaa la moto.

"Wafu wenu wana homa," alijibu.

Mkono wa Troadeg ulikwenda kwenye koti.

Sig Sauer ya Shelina ilitangulia.

Risasi ilimpata begani. Bastola yake ikazama kwenye theluji, naye akaifuata kwa magoti. Dereva wa Cadillac alikuwa amekwisha kuinua mikono juu. Gaël aliwafunga wote wawili pingu, huku akimlaumu Troadeg kwa Kirundi kuhusu watu wanaochezea misiba.

Simu ikaita.

"Évariste yuko mikononi mwa polisi," Noordin alisema. "Salama. Wamekamata na wawili waliokuwa wakimfuata."

"Mwambieni mkewe kwanza, kabla ya wakubwa."

Alifungua jeneza. Kulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni, mto wa hariri, na mzee mwepesi kama mtoto. Wakamwinua, wakamkalisha kiti cha nyuma cha RAV4, joto la gari likampuliza usoni. Polepole macho yake ya buluu yakafunguka.

"Nicole iko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mwalimu. Utamwona." Shelina alichuchumaa mlangoni mwa gari. Hakutaka kungoja kesho. Kesho ya mtu wa miaka mia haina mdhamini. "Mwalimu, wale vijana wa msituni. Kaka yake Soazig, na wenzake. Walizikwa wapi?"

Mzee alifikiri. Uso wake ukachangamka.

"Jakez! Jakez alijua nyuki. Maneno yote ya nyuki kwa kamusi yangu, ni yeye alinipatia. Mutoto wa akili sana."

"Alizikwa wapi?"

"Sijue."

"Ulimwambia hakimu unajua."

"Nilisema vile ju batu bakuje kuniona." Aliongea bila haya, kama anayeeleza kwa nini alichukua mwavuli. "Kabla ya pale hakuna mutu alikuwa anakuja. Niliposema najua, bakaanza kuja. Hata wewe ulikuja."

"Hukuuliza walikopelekwa? Siku ile, au baadaye?"

"Nilibataja asubuhi, kisha nikarudi nyumbani. Nilikuwa na kamusi ya kumaliza."

Shelina alisimama. Alikuwa ameua watu katika kazi hii na akalala usingizi. Huyu asingemwacha alale. Kwa ajili yake Nicole alikuwa ameteseka, Évariste alikuwa amewindwa, na bibi mmoja alikuwa amekataa kufa. Na ndani mwake hamkuwa na kitu. La kuvunda halina ubani, waliosema hivyo walikuwa wamemwona.

Alimpigia Bibi Soazig mwenyewe. Angeweza kumtajia msitu wowote, bibi angekufa na amani yake. Wazo hilo lilimjia, akalikataa. Uongo wa mtu mmoja ulikuwa umemtosha yule bibi.

"Bibi, hajui. Hakuwahi kujua. Alidanganya ili tumtembelee."

Ndege ilipaa juu ya maghala, ikaenda.

"Yu mzima?" bibi aliuliza.

"Mzima."

"Na Jumamosi anatimiza mia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Jakez alikuwa na miaka kumi na tisa."

Simu ikakatika.

Ving'ora vya polisi vilikuwa vinakaribia. Shelina alivua miwani, akaitia mfukoni, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

"Mfunike blanketi," alimwambia Gaël. "Baridi hii isije ikamuua."

"Unamwonea huruma, dada?"

"Hapana. Namwonea Nicole."

Akageuka, akawaachia gari, akashika njia ya kuelekea kituo cha basi, mikono mfukoni.