Aliyeitika Nyuma

Ilikuwa siku ya kawaida kabisa, ya jua la wastani na chai ya maziwa, na Mkia alikuwa kando ya bomba la kambi akiosha viatu vya mpira vya wageni huku roho inamuuma. Roho kumuuma nako kulikuwa jambo la kawaida. Wenzake waliamka na kiu, yeye aliamka na wivu.

Jina la Mkia alipewa kazini. Kambi yao ilikaa mlangoni mwa pango refu, na watalii hawapelekwi pangoni na mtu mmoja. Mmoja hutangulia na taa, wageni hufuata kwa mstari, mwingine hufunga nyuma ili asipotee mtu. Wa mbele ndiye anayesimulia, anayechekesha, anayepigwa picha. Wa nyuma anatazama visogo. Wa mbele alikuwa kaka yake, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kambi nzima ilimwita Mdomo. Na mdomo alikuwa nao. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Huyu angemtoa nyoka pamoja na wakwe zake, nao wangetoka na mikoba begani, tayari kwa safari.

Kazi ya Mkia, ukiitazama vizuri, ilikuwa maneno mawili. Mle ndani, kila penye kona, Mdomo alisimama akaita, "Nyuma mpo?" Mkia akishahakikisha visogo vyote vipo, anaitika, "Tupo wote." Ndipo mstari unasogea. Mama mwenye kambi aliliweka hilo kuwa sheria tangu siku alipowaajiri.

"Wa nyuma asipoitika, hakuna kusogea," alisema. "Na anayeitika awe wa nyuma kweli. Sitaki utani mle ndani."

Hakueleza zaidi. Alikuwa mama wa maneno machache na sufuria nyingi.

Wageni waliofika pale walikuwa wameshazunguka nusu ya nchi, na nchi yenyewe ni pana, haimalizwi kwa likizo moja. Walishatetemeka kwenye mlima wenye baridi ya kupasua midomo. Walishapanda mitumbwi ziwani, wakala samaki wa kuchoma kwa vidole mpaka mifupa ikang'aa. Walishawafuata tembo nyikani, wakalamba asali ya msituni ingali na nta yake. Halafu wakati wa kuaga wanasema, katika yote hayo, hatutamsahau yule kaka wa pangoni. Mkia hunyanyua kichwa. Wanamaanisha Mdomo.

Hata mpishi wa kambi alimpakulia Mdomo paja la kuku, Mkia akapewa shingo.

"Shingo ina utamu wake," mpishi alimwambia.

"Basi kula wewe."

"Usininunie mimi. Kamnunie kuku, ndiye aliyezaliwa na mapaja mawili tu."

Siku hiyo ya viatu ndiyo aliyokuja dada wa kampuni moja ya utalii. Kampuni ilitaka mwongozaji mmoja wa safari ya nchi nzima, kutoka mlimani mpaka kwenye tambarare ya chumvi. Kazi ya kulala hotelini, kula mezani, jina kushonwa kifuani. Dada alikuja kumpima mtu, na kambi nzima ilijua mtu huyo ni nani.

"Mdogo wangu," Mdomo alisema wakivaa kofia za taa, "nikiipata hii, wewe unakuwa wa mbele hapa. Tumefaidi wote."

"Makombo."

"Fisi hafi njaa simba akiwepo." Akampiga bega, akacheka.

Alitania tu. Lakini mwenye roho ya kwa nini ukimwita fisi, umeshamlisha.

Kabla ya kona ya mwisho ya pango palikuwa na tundu la pembeni, la kupita mtu kwa tumbo, linalotokea juu vichakani. Mkia alipanga ajichomeke humo, azime taa, anyamaze. Mdomo ataita, asijibiwe. Ataita tena. Wageni wataanza kushikana mashati, Mdomo atatokwa na jasho mbele ya dada wa kampuni, maneno matamu yamkauke. Hapo Mkia ajitokeze na taa yake, mkombozi. Mpango safi, tusimnyime sifa zake. Kasoro yake moja tu.

Wakaingia. Mdomo akachekesha. Kona ikaja, na nyingine, Mkia akaitika kwa adabu zote. Walipokaribia ya mwisho akajichomeka tunduni, akazima taa.

Giza la pango si la usiku. Usiku una nyota, una taa ya jirani. Hili linakaa juu ya jicho kama kidole.

"Nyuma mpo?"

Mkia akabana pumzi, akicheka kimoyomoyo.

Tone la maji likadondoka.

"Tupo wote."

Ilikuwa sauti yake. Pamoja na kale kakikohozi anakoanza nako.

Mstari ukasogea. Akazisikia hatua za wageni zikiliacha tundu, moja baada ya nyingine, na harufu za mafuta yao ya kupaka. Wakaisha. Kisha zikaja hatua za mtu mwingine, asiye na haraka. Zilipofika usawa wa tundu, zikasimama. Mtu akapumua hapo, karibu na uso wake. Pumzi ya baridi.

Halafu zikaendelea. Mkia akaisikia sauti yake mwenyewe ikiwasimulia wageni wa nyuma kisa fulani, nao wakacheka. Wakacheka mpaka wakashika kuta. Yeye hajawahi kumchekesha mtu namna ile.

Akatambaa, miiba ikamchana, akatokea juu, akakimbia kuzunguka hadi kwenye mlango wa kutokea. Wageni walikuwa wanatoka wakifumba macho kwa jua. Mdomo akamshangaa.

"Umetokaje? Si ulikuwa nyuma sasa hivi unawachekesha?"

Mkia alikuwa anautazama mlango. Mgeni wa mwisho alitoka. Nyuma yake hapakuja mtu.

Dada wa kampuni akamjia yeye, akampita Mdomo kama nguzo, machozi ya kicheko bado mashavuni. "Wa mbele ni mzuri, simkosoi. Lakini zile hadithi zako kule nyuma. Ulizificha wapi siku zote? Ni wewe, si ndiyo?"

Palikuwa na nafasi ya kusema hapana. Mkia akamtazama kaka yake, akauona uso wa Mdomo ukianguka kama hema lililong'olewa kigingi. Ule utamu, haki ya Mungu, hata asali ya msituni ikae pembeni.

"Ni mimi," alisema.

Ndani ya pango, mtu akakohoa.

Basi Mkia akapata kazi. Jina kifuani, kipaza sauti mkononi, yeye mbele na wageni nyuma. Mlimani alisimulia, wakampigia makofi. Ziwani aliwaagizia samaki, wakamsifu. Jioni ya ziwani mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye miwani mizito, akamwambia huku anachambua mifupa, "Unajitahidi, baba. Ila mwenzako wa nyuma, yule ana kipaji."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mnayefanana naye. Kwani si ndugu yako?"

Mtu mwenye akili angeacha samaki na kazi na mkoba, akakimbia na soksi. Mkia alishtuka, sikatai, hata kijiko kilimdondoka. Ila mshtuko ulipopoa, kilichobaki kilikuwa kile kile cha kila siku. Ana kipaji. Yule ana kipaji.

Msituni walivuka daraja la kamba, naye mbele akieleza majina ya miti. Nyuma wakaangua kicheko. Akageuka. Wageni tu, kwa mstari, wamegeuza shingo zao wote kutazama nyuma yao, pasipo na kitu. Siku nzima akawa anaongea na visogo, yeye aliye mbele.

Walipofika kwenye tambarare ya chumvi alikuwa ameshakata shauri. Jua lilikuwa utosini, chumvi nyeupe pande zote mpaka macho yanauma, hakuna mti, hakuna jiwe. Basi lao lilisubiri ng'ambo, linaonekana waziwazi. Mahali pa kujificha mtu hapakuwepo.

"Leo tangulieni ninyi," aliwaambia. "Basi lile pale. Mimi nafunga nyuma."

Wakatangulia. Mkia akashika nafasi yake ya zamani. Akageuka kutazama. Weupe mtupu, na nyayo zake peke yake. Nimekukomoa, alisema moyoni. Nafasi nimeikalia, utakaa wapi?

Mbele, wageni wakacheka.

Kichwani mwa mstari kulikuwa na shati kama lake.

"Nyuma mpo?"

Mstari ukasimama. Hakuna aliyegeuka. Jua likawachoma visogo, jasho likawashuka, hawakujifuta.

Mkia akanyamaza.

Wakasimama.

Akanyamaza bado. Mgeni mmoja akayumba.

"Itika, baba," mwalimu mstaafu akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Tunaungua."

Akafungua mdomo. "Tupo wote."

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ndogo, yenye unyevu, kama inatokea ndani ya jiwe.

Mstari ukasogea. Naye akafuata. Waliokuwa mbele yake walikuwa wazee, wanatembea taratibu na fimbo zao, lakini hakuwafikia. Akaongeza mwendo. Wakawa mbali. Akakimbia. Wakawa mbali zaidi. Wakapanda basi mmoja mmoja, na wa mwisho kupanda alikuwa mwenye jina la Mkia kifuani. Alisimama mlangoni, akatazama nyuma, kwa utaratibu, kama mtu anayehakikisha hajaacha kitu. Akafunga mlango.

Dirishani Mkia alimwona akishika kipaza sauti. Mwalimu alivua miwani, akafuta machozi ya kicheko. Na hata hapo, katikati ya ule weupe, kilichompanda Mkia kifuani hakikuwa hofu kwanza.

Kilikuwa wivu.

Mwongozaji yule sasa ana jina kubwa, ukitaka kusafiri naye unasubiri zamu. Juzijuzi alipita kambini na zawadi kwa kila mtu. Akamkumbatia Mdomo, akamsifu kwa kazi yake, akamwombea heri. Mdomo anasema hajawahi kumwona mdogo wake na roho nyeupe vile, na hicho ndicho kinachomnyima usingizi.

Na madereva wa kule kwenye tambarare wana jambo wanaloambizana wakati wa chai, kisha wanabadilisha mazungumzo. Kila kundi likishavuka, chumvi hubaki na nyayo za wageni, na nyuma yao nyayo za mtu mmoja, pekupeku. Kundi liliposimama kupiga picha, nazo zimesimama, vidole vimezama kama mtu aliyechungulia juu ya mabega ya watu. Zinafika mpaka pale mlango wa basi ulipokuwa. Hapo chumvi imekanyagwa sana. Kisha zinageuka, zinarudi katikati.