Neno "Lo" Lililochukua Macho ya Goretti

Ndugu zangu wa Juru, nisikilizeni, hasa ninyi mnaopenda kutikisa vichwa kana kwamba mmeelewa.

Mwaka 2013, mtaa wetu huu wa Juru, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, uliamka kila asubuhi kwa mlio wa cherehani ya Goretti. Mumewe Nestor alikuwa akiosha Corolla yake kuukuu mlangoni, gari la kupeleka watu Mbarara. Walikuwa wakitaniana, wakicheka. Mimi Sidonie, jirani yao, niliwaonea hata wivu kidogo.

Ndipo mke wa mwanajeshi mmoja wa Mbarara akataka gari la kumbeba binti yake siku ya harusi, vioo vimefungwa, vumbi lisiguse gauni. Gauni lenyewe alilishona Goretti. Lakini AC ya gari, kile kipoza hewa, ilikuwa inapuliza joto tupu. Fundi wa mjini alisema, "Lete nikujazie gesi." Nestor akakataa, eti atajaza mwenyewe. Bingwa wa kujua kila kitu, huyo!

Tukaenda naye Mbarara, dukani kwa Hudson, muuza vipuri. Akampa kopo la gesi na mpira wake wa kuipitisha.

"Muzee, sikia," Hudson akasema. "Weka kwa lo. Kwa hai, hapana! Umeelewa?"

"Nimesikia, patron," Nestor akajibu, akitikisa kichwa. Nami nikatikisa changu, ingawa sikuelewa kitu.

Kumbe Hudson alisema Kiingereza: lo ni upande wa presha ndogo, hai ni ule wa presha kubwa. Kwetu sisi tuliosoma Kongo, lo ni maji, kwa Kifaransa. Njiani Nestor alicheka sana. "Ule mutu hajue kazi! Gaz itaingia mu maji namna gani?"

Nyumbani akafungua boneti, akaona vifuniko viwili kwenye mabomba ya AC, kimoja L, kingine H.

"L njo lo, fasi ya maji," akasema, akauacha upande huo aliodhani ni wa maji, akachagua H. Mdomo wa mpira ukakataa kukaa. Kukataa kule kungemtosha mtu mwenye akili! Yeye akaukaza kwa waya, akawasha injini, akamwita mkewe.

"Goretti, kuya unishikie hii kopo."

"Haina hatari?"

"Minajua."

Presha kubwa ya upande wa H ikarudi ndani ya kopo, likapasuka mikononi mwa Goretti. Gesi ile, baridi ya kuunguza, ikampiga machoni. Mayowe yake, jamani, bado nayasikia. Tulimkimbiza hospitali kwa gari lilelile. Madaktari walifanya walichoweza, lakini macho yote mawili yalikwisha.

Aliporudi aliniomba nimkalishe kwenye cherehani. Akapapasa kipande kilichobaki cha lile gauni. Akatafuta tundu la sindano kwa kidole, akalikosa.

"Nestor, ile neno ya Hudson, uliielewa kweli?"

"Hapana," Nestor akasema, akilia.

"Ungemuuliza tu." Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Kisha akanigeukia. "Na weye, Sidonie, si ulikuwa pale?"



FUNZO

Jamani, hapa kambini lugha ni nyingi, na aibu ya kuuliza inatumaliza. Usipoelewa, sema, "Sijaelewa, rudia." Gesi ya gari mwachie fundi aliyejifunza kazi hiyo. Na wewe unayemsindikiza mwenzako, uliza pia. Mimi sikuuliza. Siku hizi Goretti anashona mashuka tu, kwa kupapasa, na mimi ndiye ninayemtungia uzi.