Njia ya Kisiwa cha Wafua Nyota

Kazi za Lempi Kangas kila Jumamosi zilikuwa zilezile. Aliongeza kuni jikoni, akaondoa theluji mlangoni kwa sepetu, akamwandalia Bibi Eila kahawa nzito, kisha akakaa na mdogo wake Arvo mpaka mama arudi kutoka kwenye duka la mikate alikofanya kazi. Baba yao alikuwa baharia wa meli za kubeba madini, na mwezi ule wa Machi alikuwa katika bandari ya mbali wakiitengeneza meli kabla barafu ya Ziwa Superior haijayeyuka. Lempi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, Arvo sita.

Kukaa na Arvo hakukuwa kugumu, kwa sababu kulikuwa na kitabu. Kilikuwa kikubwa, jalada lake la kijani limechakaa pembeni, na jina lake lilikuwa *Wafua Nyota*. Baba yake Bibi Eila ndiye aliyekinunua. Bibi alikisoma utotoni, akamsomea mama, na sasa kilikuwa cha wajukuu. Kilisimulia habari za msichana aliyevuka maji yaliyoganda hadi kisiwani, akawakuta watu wafupi kama visiki wakizinyoosha kwa nyundo nyota zilizobonyea. Michoro yake ndiyo iliyowanasa watu wa nyumba ile. Tanuri la wafua nyota lilichorwa kwa namna ambayo ukilitazama kwa muda unahisi joto usoni.

Ukurasa mmoja tu Arvo aliufunika kwa kiganja kila walipoufikia. Hapo walichorwa Watambazi, viumbe vyekundu visivyo na uso, wakitambaa juu ya barafu kuwazuia wasafiri. Kitabu kilisema dawa yao ni moja: usiwajibu, usigeuke nyuma, songa mbele. Ukurasa huo ulikuwa na doa la mafuta ya mikono, kwani Bibi na mama nao waliufunika walipokuwa wadogo.

Jumamosi hiyo rafiki yake Lempi, Wilma Saari, alikuja kumwita wakateleze kwenye kilima cha nyuma ya shule. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na kila mtu alijua theluji haitadumu. Lempi alimwambia kwamba hawezi kumwacha Arvo.

Wilma alicheka. "Haya, baki na mwanao, mama Arvo. Sisi tunakwenda."

Neno lile lilimchoma. Lempi alitazama chumbani. Bibi alikuwa amesinzia kitini, miguu imeelekezwa kwenye jiko. Arvo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na kitabu chake, na wakati huohuo akauliza swali alilozoea kuuliza, kwamba kisiwa chenyewe kiko wapi. Siku zote Lempi alimjibu kuwa hiyo ni hadithi tu. Safari hii alitaka atulie, asimfuate. Akamwinua na kumwonyesha dirishani, ng'ambo ya ghuba ya ziwa iliyoganda, kisiwa kilichojaa misonobari.

"Ndicho kile pale," alisema. "Ukikaa kimya hapa ukakitazama, utaona moshi wa tanuri lao."

Arvo alibandua macho dirishani akamtazama. "Kweli, Lempi? Sio hadithi?"

"Kweli tupu. Mimi mwenyewe nimeshauona. Ila usimwambie mtu."

Akachukua kibao chake cha kutelezea, akatoka polepole ili Bibi asiamke.

Alikusudia kuteleza mara chache tu, lakini kilimani kulikuwa na watoto wengi na vicheko vingi, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama aliporudi nyumbani. Dirishani hakukuwa na mtu. Alimwita Arvo kwa sauti ya chini, kisha akatazama chini ya kitanda, chooni, na kwenye chumba cha kuogea kwa mvuke nyuma ya nyumba. Viatu vya theluji vya Arvo havikuwepo mlangoni. Koti lake la buluu halikuwepo msumarini.

Bibi Eila aliamka akauliza mtoto yuko wapi.

Hapo ndipo Lempi angeweza kusema. Badala yake ulimi wake ulikimbilia penye usalama. Alimwambia Bibi kwamba walikuwa wote uani muda wote, kwamba yeye ameingia kunywa maji tu, na kwamba alipotoka alimwona Arvo akikimbilia msituni. Alilisema hilo bila kufikiri, na lilipokwisha kusemwa likaota miguu yake lenyewe. Bibi alimpigia simu mama. Mama alimpigia Bwana Rautio, jirani yao, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa kujitolea wa mji ule. Haukupita muda watu walikuwa wakiingia msituni nyuma ya nyumba na mbwa na tochi, wakiita jina la Arvo. Mama alipita mbio bila kofia, na sauti yake ikawa inasikika kati ya miti, kila mara ikienda mbali zaidi.

Bibi, ambaye magoti hayakumruhusu kutembea kwenye theluji, alibaki jikoni na Lempi. Lempi alisimama katikati ya chumba. Alijipa moyo kwamba watampata. Huenda kweli alikwenda msituni. Kisha aliona mezani mkate wa iliki aliouleta mama jana. Ulikuwa umekatwa vibaya, kwa kisu kilichoshikwa na mkono mdogo, na nusu yake haikuwepo. Chini ya dirisha kitabu kilikuwa wazi kwenye picha ya msichana akitembea juu ya barafu, amebeba mkate kuwapelekea wafua nyota.

Lempi alisogea dirishani. Hakutaka kutazama, lakini alitazama.

Barafu ya ghuba ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na sehemu nyingine ilikuwa na mabaka meusi yaliyoloa. Wavuvi walikuwa wameshaviondoa vibanda vyao vyote vya kuvulia juu ya barafu wiki iliyopita, na watoto wote wa mji walikuwa wameambiwa shuleni wasiikanyage tena. Katikati ya ule weupe uliochafuka palikuwa na nukta ya buluu. Ilikuwa inasogea.

Akilini mwake yalipita yote kwa pamoja: mama atajua alimwacha Arvo, watu wote watajua aliwapeleka msituni kwa uongo, Wilma atajua, mji mzima utajua. Aliwaza kwamba labda Arvo atachoka arudi mwenyewe. Nukta ile ilisimama, ikayumba, ikaendelea mbele.

"Bibi," alisema. Akamgeukia. "Bibi, Arvo hayuko msituni. Yuko kwenye barafu. Nilimwambia kisiwa cha kitabuni ni kile pale. Halafu nikamwacha, nikaenda kuteleza."

Uso wa Bibi Eila ulipauka. Hakumgombeza. Alimpa simu mkononi. "Mpigie Rautio. Mwambie vilevile ulivyoniambia mimi."

Lempi alimpigia, akamweleza yote. Yeye na mama, aliyerudi mbio kutoka msituni, walipofika ufukweni, Bwana Rautio alikuwa ameshavaa nguo za mpira za kuokolea watu majini, nyekundu toka kichwani hadi miguuni, zenye kofia inayoacha macho tu. Alifungwa kamba ndefu kiunoni. Wenzake waliishika kamba, naye akalala kifudifudi na kuanza kutambaa, kwa kuwa barafu ile isingemchukua mtu mzima aliyesimama. Barafu ililia chini yake.

Rautio alimwita Arvo. Arvo aligeuka, akamwona, na badala ya kusimama akaanza kukimbia kuelekea mbele, kwenye mabaka meusi. Mama alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mtoto hakugeuka tena. Watu walitazamana wasielewe kwa nini mtoto anamkimbia anayekuja kumwokoa.

Lempi alielewa, na kuelewa huko kulimtisha kuliko yote yaliyotangulia. Alimvuta mkono mzimamoto mmoja aliyekuwa na kipaza sauti.

"Anadhani ni Mtambazi," alisema. "Kitabu kinasema usiwajibu, usigeuke. Mwambieni Bwana Rautio asimame pale alipo. Naomba kipaza sauti, nizungumze na Arvo mimi."

Yule mtu alisita, akamtazama mama yake. Mama aliitikia kwa kichwa. Rautio aliashiriwa akatulia. Nyuma ya Lempi walikuwa wamesimama watu waliotoka msituni, viatu vimejaa theluji, na kati yao alikuwemo Wilma na baba yake. Kipaza sauti kilikuwa kizito na baridi.

"Arvo, ni mimi, Lempi. Nilikudanganya. Kule hakuna wafua nyota. Sijawahi kuona moshi wowote. Huyo ni Bwana Rautio, amevaa nguo zake za kazi."

Nukta ya buluu ilisimama. Sauti nyembamba ililetwa na upepo. "Ulisema kweli tupu."

"Nilisema uongo. Nilitaka kwenda kuteleza. Lala chini, Arvo, ulale kama unavyolala ukisoma, umsubiri."

Kisha Arvo alipiga magoti, akalala chini, mkate bado ameukumbatia. Rautio alitambaa tena. Alikuwa amebakiza kidogo kumfikia barafu ilipopasuka kwa mlio mkubwa, na miguu ya Arvo ikazama majini. Mama aliangua kilio. Rautio alijirusha mbele, akakamata kofia ya koti, akamvutia mtoto kifuani huku yeye mwenyewe akizama nusu mwili. Watu walioshika kamba walivuta kwa nguvu zao zote, na Lempi akavuta pamoja nao hadi viganja vikachubuka.

Arvo alilazwa hospitali usiku ule wapate kumpasha mwili joto. Kesho yake mchana alirudi akiwa mchovu, ana mafua, vidole vyote vizima. Mama alikuwa hajazungumza na Lempi toka ufukweni. Alipokwisha kumlaza Arvo alikuja, akamkumbatia Lempi kwa nguvu, kisha akamwambia amemvunja moyo sana, na kwamba itachukua muda kabla hajamwachia mtoto tena.

Lempi alikichukua kitabu akampelekea Bibi, akamwomba akifungie mahali wasipokiona.

Bibi Eila alikifungua magotini. "Mimi nilikisoma nikiwa mdogo kuliko wewe," alisema. "Niliwaogopa hawa wekundu hadi nikashindwa kwenda chooni peke yangu. Lakini sikwenda kwenye barafu, kwa sababu baba yangu aliniambia ni hadithi, na baba alikuwa hanidanganyi. Kitabu hakijamkosea Arvo, mjukuu wangu. Arvo alikuamini wewe."

Jioni, kabla chakula hakijaiva, mama alimwambia Lempi avae koti. Walikwenda nyumba kwa nyumba kwa watu waliozunguka msituni, na kila mlango ulipofunguliwa mama alisimama kando, akamwachia Lempi aseme mwenyewe. Kwa akina Saari alisema huku akitazama viatu vyake. Wilma hakucheka.

Mwisho walifika kwa Bwana Rautio. Alikuwa sebuleni, amejifunika blanketi, anakohoa. Lempi alimwomba radhi, akamweleza kwamba tangu mwanzo alijua amemwonyesha Arvo kile kisiwa, ila aliogopa kusema.

"Najua uliogopa," Rautio alisema. "Mimi nami niliogopa pale kwenye barafu, wala sioni aibu kukwambia. Lakini tulizunguka msituni mahali pasipo na mtoto, na wakati wote huo mtoto alikuwa anakwenda mbele. Siku nyingine ukiogopa, sema hivyohivyo huku unaogopa. Usingoje hofu iishe kwanza."

Lempi aliitikia kwamba amesikia. Rautio akamsogezea kiti, akamwambia akae apate joto.